Kabla ya kununua chambo cha kurambaza, jua mwendo wa chombo chako

Kusi ikianza kupoa, vijana hunijia hapa Likoni, Mombasa, na chambo kipya cha kurambaza, yaani cha kuburura nyuma ya chombo, bado kimo ndani ya karatasi yake ya dukani. Swali lao ni moja: "Mzee, rangi hii samaki wataila?" Nami huwauliza mawili. Chombo chako kinakwenda kasi gani ukirambaza? Na samaki unayemtaka yuko kina gani saa hiyo? Asiyeweza kujibu hayo, hata nikimchagulia rangi sitakuwa nimemsaidia.

Jambo hili nililijua kwa mazoea tu, miaka mingi, mpaka furushi kutoka Marekani liliponifundisha kulisema vizuri. Binamu yangu anaishi Michigan na huvua samoni katika Ziwa Michigan. Samaki hao hawakuwa wa ziwa lile. Walipandikizwa mwaka 1966 na 1967 ili wale visamaki vidogo vilivyokuwa vimeingia kutoka baharini na kulijaza ziwa. Majira ya joto samoni hufuata maji baridi chini. Vuli ikifika hukusanyika kwenye midomo ya mito, kando ya magati marefu yaliyoingia ziwani, na watu hurambaza huku na huko karibu na magati hayo. Binamu akanitumia vifaa vyake vya ziada: vijiko vyembamba vya kung'aa (chambo cha chuma chenye umbo la kijiko), kibao cha plastiki cha kumetameta chenye urefu wa shibiri na zaidi, na sahani ya plastiki ya kuzamisha mshipi.

Tukavijaribu kwenye boti yangu, mashini ikivuta mwendo wetu wa kila siku. Kibao kilizunguka kama feni, mshipi ukasokoteka wote. Sahani ikavuta kama nanga, halafu ikajipindua yenyewe na kuelea. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, vitu hivi vibovu." Nikamwambia si vibovu, sisi ndio tuliovikimbiza. Samoni hurambaziwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, kama kilomita 4 au 5 kwa saa. Sisi tulikuwa kwenye 10.

Kwa hiyo anza hapo. Washa simu, fungua programu ya ramani inayoonyesha kasi, na uendeshe boti kwa mwendo unaoweza kuushika saa nzima bila kumaliza mafuta. Pima ukienda na mkondo na ukirudi dhidi yake, maana simu inapima mwendo juu ya ardhi, na chambo kinajua mwendo wa maji tu. Bamvua ikiwa imekolea, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wa mlango wa bandari ya Kilindini unaweza kukudanganya kabisa. Simu inasema 10, lakini unasukumwa na maji na kijiko chako kinaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mimi huangalia mshipi wenyewe: ukitetemeka sawasawa kwenye vidole, chambo kinafanya kazi.

Nguru, ambaye ndiye wengi wetu tunamtaka, hupenda chambo kinachokimbia. Kwa kijiko au rapala, yule samaki wa bandia, kilomita 8 hadi 12 kwa saa zinatosha. Chambo cha manyoya na cha ngisi wa plastiki huvumilia zaidi, hata 15, na hapo sehewa, jodari na faulusi huingia pia. Ukiwa na mashini ndogo inayochoka haraka, usinunue chambo cha kichwa kikubwa cha kurusha maji, kitalala tu. Kijiko chembamba kitakulisha zaidi.

Kina sasa. Asubuhi mapema nguru huwa juu, unamwona akiruka nyuma ya visamaki. Jua likipanda na maji yakiwa meupe, hushuka. Wengi hapo huanza kubadilisha rangi, wa bluu atoke, mwekundu aingie, na chambo kiko palepale juu alipokuwa samaki saa moja iliyopita. Badilisha kina kwanza.

Njia rahisi ya kushuka ni rapala yenye ulimi mbele. Ulimi mfupi uliosimama hauzami sana. Ulimi mrefu uliolala huchimba. Kwenye zile kubwa za baharini za Rapala X-Rap Magnum, namba iliyo kwenye jina ni kina kwa futi: 10, 15, 20, 30. Hiyo ya 30 hushuka kama mita 9. Lakini namba hiyo inategemea mshipi. Mshipi mnene hukatwa na maji na kukinyanyua chambo, mwembamba hukiacha kishuke. Ukiachia mshipi zaidi kitashuka zaidi, mpaka kikomo fulani, kisha msukumo wa maji kwenye mshipi hukizuia. Kuongeza kasi hakukizamishi kila mara. Kuna mwendo ambao rapala hulala ubavu na kuruka juu.

Ikilala ubavu usiilaumu mara moja. Ishushe ubavuni mwa boti, mita 2 tu za mshipi, uiangalie. Ikikimbilia kulia, shika ile pete ndogo ya puani kwa koleo na uipinde kushoto, kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni vizuri. Irudishe majini. Utarudia mara tatu au nne mpaka iende moja kwa moja huku ikitikisa mkia. Nimeona watu wakitupa rapala nzuri kwa kukosa dakika tano za koleo, na inaniuma, kwa sababu bei ya moja ni siku nzima ya kazi ya mtu.

Chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, ni njia ya bei nafuu. Funga nusu kilo, kisha mita 4 au 5 za mshipi, kisha kijiko. Haitakufikisha mbali chini ukienda kasi, lakini kwa maji ya mita 10 kando ya mwamba inatosha, na haina cha kuharibika.

Bapa la chuma la kuzamisha ndilo ninalolitumia zaidi, na ndilo watu hulikosea zaidi. Lina uzito puani, na pete yake ya mbele huteleza kwenye waya. Likiwa limetegwa, pua huinama na maji hulisukuma chini. Samaki akivuta kwa nyuma, pete huteleza, bapa hulala na kupanda juu, nawe unapigana na samaki, si na bapa. Nyuma yake weka mita 6 hivi za mshipi imara, kisha chambo chepesi: kijiko, manyoya, au ngisi mdogo. Rapala kubwa yenye ulimi usiiweke hapo. Huvuta kwa nguvu hadi bapa linadhani ni samaki. Bapa likipanda kila dakika bila kitu, ama unakwenda kasi mno ama umeshika mwani. Lichague kulingana na mkono wako pia. Bapa kubwa kwenye mshipi wa mkono linaweza kumvuta mtu aliyesimama vibaya tezini, nyuma ya boti. Lifunge kwenye boti, weka kipande cha mpira wa tairi katikati ili kipokee mshtuko, na usiuzungushe mshipi mkononi hata kwa sekunde moja. Hili nalisema kwa vijana wote na nitaendelea kulisema. Kidole kikizungukwa na mshipi wa samaki wa kilo 15 anayekimbia, hakuna nafasi ya kukitoa.

Sahani ya samoni ina jambo moja zuri ambalo bapa letu halina. Chini yake kuna duara lenye namba, ukilizungusha sahani hushuka huku ikienda kulia au kushoto. Mtu anaweza kuburura mishipi miwili au mitatu bila kugongana. Nitairudia mwishoni.

Waya ni lazima. Samoni huvuliwa kwa mshipi wa kawaida mpaka kwenye ndoana; meno yake hayakati kama ya nguru. Nguru ana meno ya pembetatu, makali, yamepangana kama msumeno, na mzia ni vivyo hivyo. Tumia waya wa uzi mmoja, usioshika kutu, wa rangi ya kahawia usiong'aa, urefu wa sentimita 40 hadi 60. Mrefu zaidi unaua mchezo wa kijiko. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, ikunje, kisha sokota nyaya zote mbili kwa pamoja, kila moja ikiizunguka nyingine, mara tano au sita. Hapo ndipo wengi hukosea: wao huuzungusha mmoja tu juu ya mwingine uliosimama, na ukivutwa huteleza. Baada ya hapo malizia kwa mizunguko minne iliyobanana kama chemchemi. Kipande kilichobaki usikikate kwa koleo. Kipinde kama mkono wa cherehani, kizungushe mbele na nyuma mpaka kivunjike chenyewe. Koleo huacha ncha inayochana viganja vya kila atakayeshika waya huo.

Nguru huuma kwanza mkia wa samaki anayemwinda, amkate vipande viwili kisha arudi. Ukitumia chuchunge halisi, yule samaki mwembamba, nyuma ya ngisi wa plastiki, weka ndoana ya pili karibu kabisa na mkia, iunganishwe na ya kwanza kwa waya. Bila hiyo utapandisha vichwa vya chuchunge asubuhi nzima.

Viungo vinavyozunguka, vile vidogo vya kuzuia mshipi usisokoteke, usiviamini kwa macho. Nilinunua pakiti katika duka moja mjini, vyeusi, vinapendeza. Nguru wa kwanza akakifungua kimoja kama ganda la karanga, na akaenda na kijiko changu bora. Tangu siku hiyo huning'iniza kila aina mpya kwenye mizani ya ndoana na kuvuta mpaka kilo 20. Kikifunguka nyumbani, ni hasara ndogo.

Rangi, basi. Alfajiri na siku ya mawingu tumia chenye giza: zambarau, nyeusi na nyekundu, kivuli chake kionekane kutoka chini. Jua likiwaka, fedha na bluu, au fedha na kijani, kama dagaa wenyewe. Kipimo cha ukubwa ni tumbo la samaki wa kwanza uliyempata. Mpasue, uone amekula nini na urefu gani.

Kuhusu mahali, visamaki hujificha penye kivuli na penye nguzo, ndiyo maana gati huvuta wakubwa. Lakini magati ya bandari ya Kilindini si mahali pa kurambaza, wala njia ya meli, wala njia ya feri ya Likoni. Meli haiwezi kukukwepa, na mshipi wako ukiingia kwenye propela ya mtu umemletea hatari. Kaa mbali. Na kuna sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, mbele ya Nyali na Bamburi, ambapo kuvua hakuruhusiwi kabisa. Yajue maboya yake kabla hujatoka.

Mimi hungoja maji yaanze kupwa. Maji ya matope kutoka vijito hutoka nje na kukutana na maji ya bluu, na pale yanapokutana utaona mstari wa povu, majani na takataka. Visamaki hujibanza upande wa matope, wakubwa hungoja upande wa maji safi. Pita kando ya mstari huo ukiwa upande safi, mita 10 au 15 kutoka kwenye povu, na usiukate; ukiukata, kila ndoana itarudi na majani. Mshipi mmoja uwe juu, mita 30 nyuma, na mwingine uwe na bapa. Ule utakaokula kwanza ndio unaokuambia samaki wako kina gani, nao wa pili uufuate.

Na ile sahani ya binamu? Mpwa wangu ana ngalawa. Asubuhi upepo wa umande ukivuma kutoka bara, tanga humpa kilomita 4 au 5 kwa saa, mwendo uleule wa samoni. Rapala zangu kwenye ngalawa yake hazichezi vizuri, bapa halishuki inavyopasa. Tukafunga sahani, nyuma yake mshipi wa mita 2, kibao cha kumetameta, kisha mita moja na kijiko kile chembamba, kwa waya mfupi. Kibao kikazunguka polepole, kikiwaka na kuzima kama samaki anayegeuka kula. Kaza parafujo ya sahani nusu mzunguko tu, ili samaki mdogo aweze kuifyatua. Ukiikaza sana atavutwa hadi afe na hutajua kama yupo. Asubuhi ya kwanza mpwa wangu alileta kolekole watatu na mzia mmoja, na tangu hapo sahani imebaki kwenye ngalawa yake. Akirudi huisuuza kwa maji ya mvua, anailegeza parafujo ili chumvi isiigandishe, na kuitundika kivulini.