Namna ya kuchagua njia ya kukadiria thamani ya msitu wa kijiji mkoani Tabora

Kijiji cha wilayani Sikonge au Urambo kinapotakiwa kuamua iwapo kipande cha miombo kifyekwe kwa ajili ya tumbaku au kiachwe, andika kwanza swali lenyewe: thamani kwa nani, kwa miaka mingapi, na ikilinganishwa na matumizi gani mengine. Njia ifuate swali hilo.

Kwa asali, nta, uyoga na mbao za mninga, tumia bei ya soko, lakini usichukue mapato ghafi. Toa gharama za mizinga na usafiri, kisha toa thamani ya siku za kazi kwa ujira ambao mtu angelipwa kama kibarua katika msimu uleule. Hesabu kile tu ambacho msitu unaweza kutoa kila mwaka bila kupungua, kwa sababu anayekata miti yote na kuiuza kama mkaa mwaka huu anakula mtaji, wala si faida. Jihadhari pia na kuhesabu mara mbili: mti uliokwisha kuhesabiwa kama mbao hauwezi kuendelea kuhesabiwa kwa maua yanayolisha nyuki.

Kuni za bani la kukaushia tumbaku mara nyingi hukatwa bila malipo, ndiyo maana huonekana hazina thamani. Hapa tumia gharama ya mbadala, yaani kiasi ambacho mkulima angetumia kupanda miti yake au kununua kuni. Njia hii ni halali iwapo mbadala unafanya kazi ileile, ni wa bei nafuu kuliko mingine, na watu wangekubali kweli kuugharimia.

Njia ya gharama za safari, yaani kukadiria thamani ya mahali kwa kile ambacho wageni hutumia kufika huko, ambayo mwanauchumi Harold Hotelling aliipendekeza mwaka 1947 kwa ajili ya hifadhi za taifa za Marekani, inafaa hifadhi za Gombe au Mahale, ingawa gharama za mgeni aliyepitia pia Serengeti lazima zigawanywe. Kwa msitu usio na watalii itatoa thamani ndogo, na hiyo isichukuliwe kuwa hukumu juu ya msitu. Njia ya bei za nyumba na viwanja, inayoangalia jinsi ukaribu na msitu unavyobadilisha bei hizo, iache, kwani ardhi ya kijiji haina soko la wazi la kutosha.

Mahali pa matambiko, au wanyama ambao watu wanataka waendelee kuwepo hata wasipowaona, hupimwa kwa kuwauliza watu wenyewe. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, jopo lililoongozwa na wanauchumi Kenneth Arrow na Robert Solow lilishauri mwaka 1993, kuhusu njia hii ya kuuliza, kwamba mtu atajiwe kiasi fulani cha kulipa ili kitu kihifadhiwe na ajibu ndiyo au hapana kana kwamba anapiga kura, huku akikumbushwa mahitaji yake mengine. Kwa kaya zenye fedha taslimu kidogo, ninaona ni haki zaidi kuuliza kwa siku za kazi au madebe ya mahindi, kuwahoji wanawake peke yao, na kurudia swali nje ya msimu wa malipo ya tumbaku. Ikiwa haki ya msitu ni ya wanakijiji, uliza pia fidia ambayo wangeikubali. Kwa kawaida huzidi kiasi ambacho wangelipa, na tofauti hiyo isifichwe.

Matokeo yaandike sambamba bila kuyajumlisha ovyo, ukionyesha kiwango cha chini na cha juu, kisha yasome mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kabla hayajapelekwa halmashauri, ili warina asali na wakulima wa tumbaku wasahihishe bei na siku za kazi ulizoandika.