Namna ya kuandika skripti ya filamu inayoweza kupigwa picha na kulipiwa

Skripti husomwa na watu wanaotaka kujua kesho asubuhi watafanya kazi gani. Muongozaji anatafuta picha, mpiga picha anatafuta mwanga, mtu wa mavazi anahesabu nguo, na mtayarishaji, kabla hata hajaifurahia hadithi, anahesabu maeneo. Ninaandikia tamthilia za televisheni hapa Dar es Salaam, na skripti nyingi ninazoletewa na wanaoanza hukwama kwa sababu mwandishi amewasahau wasomaji hao.

Hatua ya kwanza: sentensi moja. Mtaje mhusika, anachokitaka na kinachomzuia. Kwa mfano: mama anayedaiwa kodi ya miezi sita anajaribu kubaki katika chumba chake wiki moja zaidi bila kukutana na mwenye nyumba. Sentensi ikigoma kukamilika, hadithi haijaiva. Ikikubali, andika muhtasari wa ukurasa mmoja, kisha orodha ya sini, yaani vipande vya hadithi vinavyotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja, kila sini mstari mmoja.

Hatua ya pili: umbo. Tumia herufi za Courier, ukubwa wa 12. Kwa mpangilio huo ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja, hivyo filamu ya dakika 90 huwa na kurasa 90 hivi. Kila sini ianze kwa kueleza kama ni ndani au nje, ni mahali gani na ni wakati gani. Programu ya bure kama Trelby itakupangia ukurasa, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukisukuma maneno katikati ya mstari.

Hatua ya tatu: andika kinachoonekana na kusikika. Hapa ndipo penye kazi. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika hivi: "Rehema ana wasiwasi mwingi kwa sababu kodi imefika na mumewe hajatuma pesa tangu aende Mtwara." Kamera haiwezi kupiga picha ya "tangu aende Mtwara", wala mwigizaji hawezi kuigiza "wasiwasi mwingi" bila kukunja uso mpaka watazamaji wamchoke. Tuliiandika upya:

NDANI. CHUMBA CHA REHEMA – USIKU

Mlango unabishwa. REHEMA anazima taa na kumziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Chini ya mlango, vivuli vya miguu miwili haviondoki.

MWENYE NYUMBA (kutoka nje)
Mama Juma, feni inazunguka. Naisikia.

Rehema anaitazama feni.

Neno "kodi" halikutajwa, lakini mtazamaji aliyewahi kupanga chumba ameshaelewa kila kitu, na yule wa Mtwara tutamkuta baadaye kwenye simu isiyopokelewa. Angalia pia kwamba mwenye nyumba hakufoka. Wahusika wetu wengi hufoka mapema mno, na wakifika kwenye sini ya kilele hawana tena pa kupandishia sauti. Soma mazungumzo yote kwa sauti ukiwa peke yako, na ufute kila jibu ambalo msikilizaji angelikisia.

Hatua ya nne: hesabu gharama kabla mwenzako hajaihesabu. Pitia orodha ya sini ukiandika maeneo, idadi ya waigizaji, magari, na sini za usiku wa nje, ambazo hudai taa na jenereta. Sini ya Rehema inahitaji chumba kimoja, watu watatu na feni. Ungemwekea mwenye nyumba ugomvi katikati ya soko la Kariakoo, ungelazimika kuomba ruhusa, kuzuia wapita njia na kurudia kila mara mtu anapoitazama kamera. Mimi huunganisha maeneo mawili yanayofanya kazi moja, na mara nyingi hadithi hunenepa kwa kubanwa.

Hatua ya tano: karatasi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka anayeomba kibali cha kupiga picha awasilishe maelezo ya sini na maneno yatakayosemwa. Kwa hiyo skripti yako itafika Bodi ya Filamu, na mtayarishaji anayekuambia "maneno tutayapanga hukohuko" anajitafutia taabu. Hakimiliki hulinda maandishi, hailindi wazo. Niliwahi kumsimulia mtayarishaji mmoja hadithi nzima tukiwa tunakula, bila hata ukurasa mmoja mkononi, na nilipoiona kwenye televisheni nikiwa sina cha kumwonyesha wakili, nilijifunza kuandika kwanza, kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndipo nikae mezani.

Mkataba utaje malipo kwa awamu: unaposaini, unapokabidhi rasimu ya kwanza na rasimu inapokubaliwa. Utaje idadi ya marekebisho yasiyo na malipo ya ziada, jina lako litakavyoonekana kwenye filamu, na kama umeuza filamu moja tu au pia mwendelezo na tamthilia itakayotokana nayo. Uliza kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi ya zuio, ile inayokatwa na anayekulipa kabla pesa haijakufikia.

Ukishasaini, tuma skripti ikiwa na namba ya rasimu na tarehe katika ukurasa wa kwanza, kwa sababu siku ya kupiga picha hakosekani mtu aliyekariri rasimu ya pili wakati wenzake wote wameshika ya nne.