Maji ya Kobe Hayaoshwi Kama Sufuria

Kobe wetu wa maji tulimwita Kifuu, maana siku alipoingia nyumbani gamba lake lilikuwa sawasawa na kifuu cha nazi. Ni kobe wa masikio mekundu, mwenyeji wa mito na mabwawa ya kusini mwa Marekani. Huu ni mwaka wa sita tunaye hapa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, na gamba limefikia sentimita 20.

Mimi nimelelewa Tanga, na kwetu usafi ni kumwaga, kusugua na kusuuza. Ndivyo nilivyolitunza tangi lake mwanzoni. Kila Jumamosi nilitoa maji yote, nikasugua kioo, nikaosha sponji za chujio kwa maji ya bomba mpaka zikang'aa. Ikifika Jumatatu maji yameshakuwa kama yaliyooshewa mchele, na Kifuu macho yamemvimba. Iliniuma sana nilipoelewa kwamba chanzo ni mikono yangu.

Kinyesi cha kobe na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Ndani ya zile sponji wanaishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina makali sana. Klorini, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa katika maji ya bomba, huwaua. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa nawaangamiza watumishi wangu, nao huchukua wiki kadhaa kujijenga upya.

Sasa nafanya hivi. Natoa robo tu ya maji kwa wiki, nikifyonza kwa mpira kutoka chini kabisa, ambako uchafu hutuama. Maji hayo siyamwagi yote. Nabakiza ndoo moja, na humo ndimo ninamokamulia sponji, moja leo, nyingine baada ya wiki mbili. Maji mapya natia dawa ya kuondoa klorini na kuyapatanisha joto na yaliyomo. Usitegemee kuyalaza usiku kucha kwenye ndoo, kwani miji mingi hapa hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haitoki kirahisi.

Nunua vipimo vya maji. Amonia na nitriti ziwe 0, nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Maji yanaweza kung'aa kama ya chemchemi na bado yakawa na amonia ya kumchoma macho.

Tangi liwe kubwa. Wafugaji huhesabu kama lita 38 kwa kila sentimita 2.5 za gamba, kwa hiyo Kifuu anahitaji lita 300. Chujio nalo liwe la kuhudumia maji mara mbili au tatu ya hayo, kwa sababu kobe huchafua kuliko samaki. Changarawe ndogo usiweke. Huzimeza, zikamziba tumbo.

Kulisha kwenye beseni la pembeni kumenipunguzia kazi kubwa. Anakula huko, anajisaidia huko mara nyingi, ndipo anarudi.

Joto la maji ni nyuzi 24 hadi 26. Juu ya maji awe na jukwaa kavu la kuotea, lenye nyuzi 32 hivi, na taa ya UVB, miale kama ya jua inayomsaidia kujenga gamba na mifupa. Balbu hiyo naibadilisha kila mwaka hata kama bado inawaka, kwani miale huisha kabla ya mwanga. Jua la dirishani halitoshi. Kioo huizuia miale hiyo.

Jambo la watoto silifanyii mzaha. Kobe hubeba salmonela, bakteria wanaomletea mtu homa na kuhara, bila yeye kuugua, na ndiyo sababu tangu 1975 sheria ya Marekani inakataza kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4. Wangu wananawa kwa sabuni kila wakimgusa. Maji machafu yanakwenda chooni, kamwe si kwenye sinki la jikoni. Ndoo zake mbili nimeziandika kwa wino mweusi YA KOBE, na mama mkwe alipokuja kututembelea, hizo ndizo nilizomwonyesha kabla hata ya chumba chake.