Maua ya kingo za bustani kwenye udongo wa chai

Mtu akijenga Mufindi, Njombe au Tukuyu, hukimbilia kupanda lavenda na rozimeri alizoziona kwenye picha. Msimu mmoja tu zimedumaa, naye anaanza kumwaga majivu bustani nzima ili apunguze uchachu wa udongo. Mimi nashauri kinyume chake: uache udongo ulivyo, ubadilishe mmea.

Mvua za huku ni nyingi na zimeosha kalsiamu na magnesiamu kwa miaka mingi, udongo ukabaki mchachu. Ndiyo maana chai imekubali, maana yenyewe hupenda pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu unazidi) ya 4.5 hadi 5.5. Udongo wa pH 5 una uchachu mara 10 ya ule wa pH 6, kwa hiyo kuurekebisha kwa chokaa ni kazi ya kila mara. Kwenye mahindi na maharage kazi hiyo inalipa. Kwenye maua sioni sababu.

Kama kiwanja chako kina yale makangaga ya mlimani yanayochipua upya kila yakichomwa moto, uchachu upo. Ukitaka uhakika, chota udongo wa kina cha sentimita 20 sehemu kadhaa, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha peleka kama kilo moja kwenye maabara ya udongo, kwa mfano ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro au ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kituo cha Mlingano.

Ua la kwanza kwangu ni haidrenjia. Kwenye udongo mchachu mizizi yake hupata alumini, na maua hutoka ya bluu. Uchachu ukipungua, alumini hufungwa na maua hugeuka pinki. (Aina nyeupe haibadiliki, usiisubiri.) Nyumbani nilipanda miche sita, vipandikizi vya shina moja, kutoka ukutani hadi getini. Minne ilitoa bluu. Miwili ya karibu na ukuta ikatoa pinki, nami nikadhani nimechanganya na vipandikizi vya aina nyingine. Nilipochimba nikakuta mabonge ya zege pale fundi alipokuwa akikorogea saruji. Saruji ina chokaa. Kwa hiyo kabla ya kupanda karibu na nyumba, ondoa kifusi, au sogea mita moja kutoka ukutani.

Haidrenjia hushika kirahisi kwa kipandikizi cha sentimita 15 chenye vifundo viwili au vitatu, kikiwekwa kivulini. Panda mvua zinapoanza, umbali wa mita moja. Pogoa mara tu maua yanapokauka, kwa sababu aina hii ya kawaida hutoa maua kwenye matawi ya zamani. Ukichelewa unakata maua ya msimu ujao.

Azalea ni nzuri kwa mstari wa mbele, lakini mizizi yake iko juujuu, hivyo jembe lisiifikie. Tandaza majani ya misonobari, ambayo jirani na shamba la miti la Sao Hill hayana bei. Yanatunza unyevu; kwamba yanaongeza sana uchachu, hilo limetiwa chumvi. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma, mara nyingi kwa sababu mtu amemwaga majivu. Mbolea ya kukuzia iwe SA (salfeti ya amonia), kiasi kidogo, wala si CAN (nitrati ya amonia yenye kalsiamu), kwani CAN huja na chokaa ndani yake.

Kwa uzio mfupi, watu wanasahau chai yenyewe. Ni ndugu wa kamelia, hukatwa kama uzio wowote, na usipoichuma sana hutoa maua madogo meupe yenye kiini cha njano.

Jambo moja kwa wafugaji: majani ya azalea ni sumu kali kwa mbuzi na kondoo, na haidrenjia nayo si salama. Matawi uliyopogoa yafukie au yachome, yasiachwe kando ya njia wanapopita mbuzi wa jirani.