Namna ya Kuandaa na Kuendesha Mtambo wa Kukunja Fito za Chuma Kuwa Koili

Ufito wa chuma wenye unene wa milimita 5.5, ule unaokwenda kuvutwa kuwa waya wa kufungia nondo au kukatwa kuwa misumari, hutoka kwenye stendi za mwisho za kiwanda, yaani jozi za rola zinazobana chuma, ukiwa bado mwekundu kwa moto na ukikimbia kwa mwendo unaoweza kufika mita 100 kwa sekunde. Bileti moja, yaani mche wa chuma ambao ufito hutengenezwa kutokana nao, yenye upana wa milimita 150 kila upande na urefu wa mita 12 ina uzito wa takriban tani 2.1, na ikishabanwa na rola hadi kufikia unene huo, urefu wake unazidi kilomita 11. Kilomita zote hizo hupita mbele ya fundi kwa muda usiotimia dakika mbili. Kinachoupokea ufito huo na kuugeuza kuwa pete, kisha pete kuwa koili, ni mtambo ninaokusudia kuueleza hapa, na naueleza kwa ajili ya fundi wa zamu ambaye ameukuta umefungwa tayari na anatakiwa kuuandaa, kuuwasha na kuulinda.

Ipo mitambo ya aina kadhaa, na ni vyema kujua uliyo nayo kabla ya kushika spana. Katika karne ya 19 wavumbuzi wawili waliofanya kazi Marekani, William Garrett na William Edenborn, waliacha majina yao kwenye namna mbili za kukunja ufito ambazo kanuni zake zinatumika hadi leo. Katika namna ya Garrett, ufito huingia kwa pembeni kwenye pipa linalozunguka, na koili huzunguka pamoja na pipa hadi mwisho wa kazi. Katika namna ya Edenborn, pipa limetulia, na kinachozunguka ni bomba linalolaza ufito mzunguko juu ya mzunguko. Kwa fito nene zinazokwenda polepole, pipa la Garrett bado linafaa sana. Kwa fito nyembamba za kasi kubwa, kanuni ya bomba linalozunguka ndiyo iliyozaa kichwa cha kutandaza pete kinachotumika sasa, ambacho badala ya kujaza pipa moja kwa moja hutandaza pete juu ya konveya, yaani njia ya rola inayozisafirisha, ili zipoe kwanza. Kupoza huko kulikamilishwa mwaka 1964 kwa ushirikiano wa kampuni ya chuma ya Stelco ya Kanada na Morgan Construction ya Worcester, Massachusetts, na ndipo lilipotoka jina la Stelmor ambalo mafundi wengi hulitaja bila kujua asili yake. Maelezo yanayofuata yanahusu kichwa cha aina hiyo.

Kazi huanza mtambo ukiwa umesimama. Zima umeme kwenye swichi kuu, weka kufuli lako mwenyewe, na utembee na ufunguo mfukoni. Usimwachie mwenzako, hata awe mtu unayemwamini kama ndugu. Kisha subiri. Kichwa hiki ni kizito na hakina haraka ya kusimama; huendelea kuzunguka kimya kimya muda mrefu baada ya mota kukatwa umeme, na ukimya huo ndio hatari yenyewe. Fungua kifuniko pale tu unapokuwa umeona kwa macho yako kwamba bomba limetulia.

Bomba hilo ndilo moyo wa mtambo, nami nashauri ulipe muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote. Huanza likiwa limenyooka katikati ya mhimili wa mzunguko, mahali ufito unapoingilia, kisha hupinda taratibu kuelekea nje hadi mdomo wake ufike kwenye nusukipenyo cha pete. Ndani ya pindo hilo, kani ya mzunguko huukandamiza ufito kwenye ukuta wa nje wa bomba, na ufito huchimba mfereji. Chukua tochi, ingiza mwanga kutoka mdomoni, na utazame: bomba lenye afya huonyesha mstari mmoja wenye kung'aa, mpana na wa kina kifupi. Bomba lililochoka huonyesha mfereji wenye kingo kali, na pengine utaona mifereji miwili inayokatana, dalili kwamba ufito ulikuwa ukirukaruka humo ndani. Pitisha waya laini uliokunjwa ncha ili uusikie mfereji mkononi pale ambapo jicho halifiki. Kila kiwanda kina hesabu yake ya tani ambazo bomba moja huvumilia, kwa kuwa unene wa fito, kasi na aina ya chuma hubadilisha hesabu hiyo; kwa hiyo usiazime namba ya kiwanda cha jirani, tengeneza ya kwako kutokana na daftari.

Unapofunga bomba jipya, lipime kwanza kwenye mizani na ulinganishe na uzito ulioandikwa kwa mabomba yaliyotangulia. Fundi mgeni huona jambo hili kuwa ni usumbufu, lakini hesabu yake ni ya kutisha. Pete yenye kipenyo cha milimita 1,075 ina mzingo wa mita 3.38, kwa hiyo ufito unaokwenda mita 100 kwa sekunde hulazimisha kichwa kuzunguka karibu mara 30 kila sekunde, yaani takriban mara 1,780 kwa dakika. Kwa mzunguko huo, gramu 100 tu zilizozidi upande mmoja, zikiwa nusu mita kutoka katikati, huvuta kwa nguvu ya takriban niutoni 1,700, sawa na mizigo ya zaidi ya kilo 170 ikining'inia kwenye beringi na kubadili upande mara 30 kwa sekunde. Kaza vishikizo vya bomba kwa spana ya kipimo, kwa kufuata mpangilio wa kubadilishana pande, na urudie kuvikagua baada ya saa chache za kwanza za kazi, maana bomba likishapata moto hujipanga upya katika vishikizo vyake. Bomba jipya halipewi ufito mwembamba wa kasi kubwa siku ya kwanza. Lianzishe na fito nene kwa kasi ya chini ili lijichongee njia yake laini, ndipo uliongezee mwendo.

Katika kiwanda nilichojifunzia kazi, tuliwahi kuona kiwango cha mtetemo kikipanda kwenye skrini ya chumba cha udhibiti tangu saa nne usiku. Tulikubaliana kumaliza oda kwanza, kwa kuwa zilikuwa zimebaki bileti chache. Bileti ya tatu kutoka mwisho ilitoboa bomba ubavuni, na ufito ukatoka pale tundu lilipo badala ya mdomoni, ukazingira nyumba yote ya kichwa kwa kufumba na kufumbua. Hakuna aliyeumia, kwa sababu wavu wa chuma ulikuwa umefungwa na hakuna mtu aliyekuwa ndani ya uzio. Kukata na kutoa kile kichaka cha chuma kulituchukua hadi jua kuwa juu. Tangu siku hiyo, mtetemo ukipita alama iliyowekwa, mimi husimamisha.

Baada ya bomba huja mwafaka wa kasi. Kanuni ni rahisi na inafaa kuandikwa ukutani: chukua mwendo wa ufito kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa 60, kisha gawanya kwa mzingo wa pete unayoitaka. Ufito wa mita 60 kwa sekunde, kwa pete ya milimita 1,075, unahitaji mizunguko kama 1,066 kwa dakika. Kichwa kikizidi kasi, pete huwa ndogo. Kikipungua, pete huwa kubwa, na upungufu wa asilimia 2 peke yake huongeza kipenyo kwa zaidi ya milimita 21. Hata hivyo, usitafute pete zinazofanana kabisa. Pete zote zikiwa na kipenyo kimoja hulundikana mahali pamoja na koili hupata ukuta mwembamba uliosimama wima na kuporomoka. Ndiyo maana kichwa huwekewa mchezo mdogo wa kasi, kupanda na kushuka kidogo kwa mpangilio, ili pete zigawanyike. Anza na mchezo mdogo na uutazame umbo la koili iliyofungwa kabla ya kuuongeza.

Kabla kidogo ya kichwa kuna rola za kubana, ambazo wengi huzichukulia kama vya kuongoza njia tu. Kazi yao kubwa iko mkiani. Mkia wa ufito mwembamba ukishaachiwa na stendi ya mwisho hauna kinachoushika nyuma, na kichwa kinachozunguka huuvuta uongeze mwendo na kupiga kama mjeledi. Hapo rola hizi hufanya kazi ya breki. Mkia wa ufito mnene ni kinyume chake: kichwa huzunguka polepole na mvuto wake hautoshi, hivyo rola huusukuma, la sivyo mkia utabaki ndani ya bomba na kuingoja bileti inayofuata. Chagua mfereji wa rola unaolingana na unene, kisha weka shinikizo kwa kupanda kidogo kidogo. Shika kipande cha pete kilichopoa na ukizungushe kidoleni chini ya taa: ukihisi pande mbili zilizobapa zinazotazamana, umebana kupita kiasi, ukiona mikwaruzo mirefu inayong'aa, rola zinateleza kwa kubana pungufu.

Sasa ncha ya mbele ya ufito yenyewe, maana mikwamo mingi huzaliwa pale. Masanduku ya maji yaliyo kabla ya rola za kubana hufungwa kwa mita za mwanzo ili ncha ipite ikiwa na moto na ulaini wake, kisha maji hufunguliwa yakiufuata ufito nyuma. Weka pia mahali ambapo mdomo wa bomba unatakiwa kuwa pale ncha inapotoka, ili pete ya kwanza ilale kwenye konveya badala ya ncha yake kujichoma katikati ya rola za konveya. Mtambo hupata taarifa kutoka kwa sensa inayoona chuma cha moto. Ikiwa sensa iko mita 40 nyuma na ufito unakwenda mita 80 kwa sekunde, una nusu sekunde tu, na ndani ya nusu sekunde hiyo kichwa huzunguka karibu mara 12. Kwa hiyo futa kioo cha sensa kila zamu. Vumbi la magamba ya chuma na mvuke wa maji vikikifunika, sensa huchelewa kidogo tu, nako kidogo huko kunatosha kuiangusha ncha upande usiotakiwa.

Kasi ya konveya hupanga nafasi kati ya pete na pete. Ikienda mita 0.9 kwa sekunde na kichwa kikizunguka mara 24 kwa sekunde, nafasi ni takriban milimita 38. Pete zikilaliana, kingo mbili za mkanda huo wa pete huwa na chuma kingi kuliko katikati, kwa hiyo feni zinatakiwa kupeleka upepo mwingi zaidi pembeni. Usipofanya hivyo, pete moja itakuwa ngumu sehemu moja na laini nyingine, na mvuta waya ataona ikikatika kwenye mashine yake bila kujua sababu. Kwa chuma laini cha misumari na waya wa kufungia, funga vifuniko vya konveya na uache feni zimezimwa ili kipoe taratibu. Kwa chuma chenye kaboni nyingi kinachokwenda kwenye springi au kamba za chuma, fungua vifuniko na uwashe feni.

Mwisho wa konveya pete huanguka ndani ya pipa la kukusanyia, zikizunguka koni ya katikati. Hapa angalia jambo moja hasa: urefu wa kuanguka. Sahani inayobeba koili hushuka kadiri pete zinavyojaa, na ikishuka haraka mno pete huanguka kutoka juu, hugeuka ubavu na kusukana. Fundi anayekunja ringi za nguzo Nairobi au Dar es Salaam, akifungua koili kama hiyo uwanjani, atapambana na mafundo mchana kutwa. Vidole vinavyofunga chini ya koni ili kupokea pete za koili inayofuata vinahitaji grisi na ukaguzi wa kila siku, kwa sababu kidole kimoja kikichelewa, koili mbili hushikana.

Kabla ya kushindilia na kufunga koili kwa waya mahali pane, kata pete za mwanzo na za mwisho. Zile hazikupita kwenye maji kama wenzake, na ubora wake ni tofauti, hata kama kwa macho zinafanana. Zikate zikiwa zimetulia kwenye kituo cha kukatia, kamwe si juu ya konveya inayotembea, na simama upande ambao ncha iliyobanwa haiwezi kukurukia ikiachiliwa.

Zamu inapoisha, andika kwenye daftari namba ya bomba, tani lilizopitisha tangu lilipofungwa, kiwango cha mtetemo cha mwanzo na cha mwisho wa zamu, unene wa fito zilizopita, na kila mkwamo pamoja na mahali ulipoanzia: ncha, katikati au mkia. Anayepokea asome ukurasa huo akiwa amesimama nawe mbele ya kichwa, kabla yeye hajaweka kufuli lake kwenye swichi nawe kuondoa lako.