Kuchagua kasi ya filamu kwa kamera kubwa ya inchi 4 kwa 5

Wengi wanaoanza na kamera hizi hukimbilia filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha kasi: namba ikiwa kubwa, filamu inahitaji mwanga kidogo) kwa kuogopa chembe, yale madoadoa ya filamu yanayoonekana picha ikikuzwa. Hofu hiyo ni ya filamu ndogo ya milimita 35. Picha ya inchi 16 kwa 20 huikuza negativu ya 4 kwa 5 mara 4 tu. Ile ya milimita 35 ungeikuza karibu mara 17. Huku adui ni upepo, si chembe.

Hatua ya 1: Amua tundu la lenzi. Mara nyingi utaangukia f/22 au f/32 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), la sivyo mti wa mbele utakuwa wazi na wa nyuma ukungu mtupu.

Hatua ya 2: Tazama kinachotikisika. Hapa usiharakishe. Jengo la KICC jijini Nairobi limetulia. Majani ya msitu wa Karura hayatulii. Jua likiwaka vizuri, ISO 100 kwa f/16 inataka sekunde 1/125 hivi. Funga hadi f/32, umeshuka 1/30. Ingia chini ya miti, mwanga ukatike nusu mara nne, umefika 1/2, na kwa muda huo kila jani linaacha mkia. ISO 400 pale pale inakupa 1/8: subiri upepo upumue, kisha bonyeza. Ukitaka filta ya rangi ya chungwa, inakula stopu 2 hivi (kila stopu ni mwanga kukatika nusu), na hiyo 1/8 inarudi 1/2. Kwa ISO 100 ungekuwa kwenye sekunde 2!

Hatua ya 3: Hesabu nyongeza. Ukisogelea ua hadi mvukuto, ule mkunjo kati ya lenzi na filamu, ukafika milimita 300 kwa lenzi ya 150, muda unazidishwa mara 4. Tena, ukipita sekunde 1 filamu huanza kuchoka: kwa HP5 Plus, filamu ya Ilford ya ISO 400, sekunde 10 za kipima mwanga huwa kama 20.

Hatua ya 4: Jaribu kasi yako. Piga kivuli kile kile kipima mwanga kikiwa kwenye ISO 400, kisha 200, ulinganishe. Mimi HP5 Plus naipiga kwa 200 penye jua kali, nikipunguza muda wa kusafisha filamu kwenye dawa, maana vivuli vya saa sita huwa vyeusi tii.

Kwa mawingu ya Julai, beba 400 bila kusita. Ya 100 naiwekea majengo ya katikati ya jiji, na maporomoko ya Karura ninapotaka maji yaonekane kama hariri.