Kuisoma Upya Rosa Mistika Ukiwa Mtu Mzima

Chukua riwaya uliyoisoma ujanani, kwa mfano Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, uisome polepole bila kusaka dhamira na maudhui kama tulivyozoeshwa kwa ajili ya mtihani. Usimfuate Rosa peke yake. Kaa pia na wazazi wake, yaani Zakaria, mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na Regina anayevumilia, kisha ujiulize ni sauti ya nani inayofanana na yako unapomkemea mwanao. Swali hilo huchoma, hasa kwa sisi wenye mabinti. Ukurasa unaokugusa utie alama kwa penseli, nawe usiendelee hadi kesho yake.